Herufi Iliyoketi Katika Paspoti Yangu

Anayeandika maneno haya ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu mkubwa. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwagiza aandike ninavyosema, na akiona sentensi haimpendezi aiache vivyo hivyo, kwa sababu taabu ninayotaka kuieleza ilianza pale mtu mwingine alipoandika nilichosema kwa namna aliyoisikia yeye.

Sikusoma. Watoto wa rika langu walipopelekwa shule, mimi nilikuwa na ndugu wadogo wa kulea na kahawa ya wenyewe ya kuchuma, kisha nikaolewa hapa Kalimoni na kazi ikawa nyingine. Silalamiki. Nataja hilo ili ieleweke kwamba hadi mwaka uliopita maandishi kwangu yalikuwa kama nyayo za kuku kwenye udongo mbichi. Nilijua kuku amepita. Alikokuwa akienda sikujua, wala sikuwa nimewahi kuuliza.

Mwanangu wa mwisho ni mwalimu nchini Botswana. Alioa huko, na mzaliwa wake wa kwanza ni msichana. Kwa desturi yetu, binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na hapewi kama ukumbusho tu. Mtoto yule ni mimi. Mwanangu humwita mama, na akipiga simu hunipa habari zangu.

“Mami, leo umevunja kikombe,” huniambia.

“Nimekivunja vipi?”

“Ulikuwa unapanda meza.”

“Basi nichape kidogo,” humjibu, naye hucheka, kwa sababu hathubutu.

Mtoto huyo nilikuwa sijapata kumshika. Nilimwona katika simu tu, uso mdogo unaokwama na kuendelea. Kisha mwaka jana mkamwana wangu akapata ujauzito wa pili, na mashine ya daktari ikaonyesha mvulana. Mvulana wa kwanza hupewa jina la baba ya baba yake. Mume wangu tulimzika hapa shambani, upande wa juu, karibu na uzio. Mwanangu alipopiga simu siku hiyo hakufanya mzaha hata kidogo.

“Mami, baba anakuja,” alisema. “Nani atampokea? Huku, zaidi yangu, hakuna hata mtu mmoja anayemjua.”

Nikamwambia nitakuja. Nilisema hivyo kama mtu anayesema atakwenda Juja kununua chumvi. Mjukuu wangu huyu anayeandika, ambaye anasoma chuo kikuu na amepanga chumba Kahawa Sukari, ndiye aliyenieleza kwamba ningehitaji paspoti.

“Ni kitu gani hicho?” nikamuuliza.

“Ni kitabu, shosho,” akasema, kama wajukuu wa huku wanavyotuita sisi nyanya zao.

“Kina hadithi gani ndani?”

“Hakina hadithi. Ukurasa mmoja una picha yako na jina. Zingine ni tupu.”

Nililifikiria jambo hilo siku nzima nikipalilia maharagwe. Kitabu kitupu, na bila kitabu hicho mwanadamu hawezi kuvuka mpaka. Mimi nilikuwa nikidhani kwamba uzito wa kitabu ni maneno yake.

Kwanza walitaka cheti cha kuzaliwa, nami sikuwa nacho. Nilizaliwa nyumbani, mikononi mwa nyanya yangu, na hakuna aliyeona haja ya kuliandika jambo ambalo kijiji kizima kililisikia. Tulikwenda kwa chifu. Nilimwambia kwamba nilikuwa nimesimama mbele yake, na kama sikuzaliwa, basi aeleze alikuwa akimsalimia nani.

“Mama, mimi nakuona,” chifu akajibu. “Kompyuta ndiyo haikuoni.”

Akaandika barua na kuigonga muhuri. Tukaichukua pamoja na kadi yangu ya ubatizo na kitambulisho, tukaenda kwenye ofisi ya vyeti mjini Thika.

Karani tuliyemkuta dirishani alikuwa msichana mwenye miwani, mwenye adabu, na kwa matamshi yake nilijua hakuwa wa huku kwetu. Aliziweka kadi zangu mbili sambamba, akazitazama, kisha akanitazama mimi.

“Shosho, hapa kuna shida. Haya ni majina mawili.”

“Ni jina moja,” nikasema.

“Kadi ya kanisa ina ra. Kitambulisho kina la.”

“Umesema nini?”

“Ra. Na la.”

“Umesema kitu kimoja mara mbili.”

Waliokuwa kwenye foleni wakaanza kucheka. Karani hakucheka. Aliegemea dirishani akaniomba niseme kula, kama mtu anayekula chakula. Nikasema. Akaniomba niseme kura, ile ya uchaguzi. Nikasema. Nilimwona anauma mdomo.

“Shosho, umesema zote sawa.”

“Kwa sababu ni sawa.”

Mwanamume mmoja nyuma yangu, aliyevaa viatu vya mpira vyenye matope, akapaza sauti. “Mwache mama wa watu! Sisi huku tunapiga kula na tunakura ugali, na bado tunashiba!”

“Hata wanasiasa hawajui tofauti,” mwingine akadakia. “Ukiwapa kura wanaila.”

Foleni yote ikaangua kicheko. Niligeuka nikawatazama, na wakanyamaza, kwa kuwa wengi wao walikuwa na umri wa wanangu. Kisha nikamrudia karani nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwambia mtu yeyote mwenye kalamu. Nilimwambia anionyeshe.

Alizigeuza kadi zinielekee, akaweka ncha ya kalamu juu ya kadi ya kanisa. Pale katikati ya jina langu kulikuwa na herufi yenye tumbo mbele na mguu mmoja uliotangulizwa, kama mwanamke mjamzito anayepanda kilima. Kisha akaweka kalamu juu ya kitambulisho. Mahali palepale kulikuwa na herufi nyingine, nyembamba, iliyokaa chini na kunyoosha mguu wake sakafuni. Kitambulisho hicho nilikuwa nimekitembeza tangu ujana. Nilikuwa nimekionyesha benki, hospitalini, na kila uchaguzi. Kumbe kote huko nilikuwa nimeketi.

Karani akanieleza, bila haraka, kwamba njia zilikuwa mbili. Angeweza kuandika cheti kinachofuata kitambulisho, chenye herufi iliyoketi, nacho kingetoka upesi. Au ningeweza kukibadilisha kitambulisho kwanza: niape kwa wakili, nirudi kwa chifu, nipigwe picha na alama za vidole upya, kisha ningoje kadi mpya.

“Ningoje muda gani?”

“Sitaki kukudanganya, shosho. Inaweza kuchukua muda mrefu. Unasafiri lini?”

Nikamwambia kwamba mume wangu alikuwa azaliwe kabla ya mvua. Alinitazama, kisha akamtazama mjukuu wangu.

“Basi chukua hiki cha haraka,” akasema.

“Mimi jina langu halijaketi,” nikamwambia. “Nitafikiri.”

Mjukuu wangu alijizuia mpaka tulipofika nje ya lango. “Shosho! Cheti kilikuwa karibu kutoka! Ni herufi moja tu!”

“Usinipigie kelele barabarani. Ingekuwa moja, yule msichana asingesema ni mbili.”

Sikuwa na hasira kama alivyodhani. Nilikuwa na jambo lililokuwa likinizunguka kichwani. Kama kinywa changu hutoa sauti moja na kalamu huiona kuwa mbili, ile nyingine ilikuwa ikikaa wapi miaka hii yote? Nikamwambia mjukuu wangu tusirudi nyumbani kwanza. Anionyeshe mahali zinapoishi herufi hizo.

Tulizunguka Thika mchana kutwa. Tulisimama mbele ya duka la vifaa vya kilimo, mbele ya kinyozi, mbele ya hoteli ya chai. Mimi nilikuwa nikinyoosha kidole na yeye akisema ni ipi. Mwenye duka la kilimo alitoka akauliza kama kulikuwa na tatizo na bei zake. Nilipotaka kujua Thika yenyewe ina ipi, mjukuu wangu aliniambia haina hata moja, na hilo likanipendeza, nikaona huo ni mji usiojiingiza katika ugomvi wa wengine. Ruiru, akasema, ina mbili zinazotembea. Kisha nikamuuliza kuhusu kwetu.

“Kalimoni ina ile iliyoketi, shosho.”

“Hapana.”

“Twende nikuonyeshe.”

Alinipeleka kwenye lango la shule ya msingi, mahali nilipowapeleka watoto wangu wote, mmoja baada ya mwingine, wakiwa wameoshwa nyuso. Jina la mahali petu limechorwa pale kwa rangi ya bluu. Nilisimama nikalitazama hadi mlinzi wa shule akaja kuniamkia. Ilikuwa pale, karibu na mwanzo, imenyoosha mguu wake. Nimeishi Kalimoni tangu nilipoolewa, nimelima udongo wake na kumzika mtu wangu ndani yake, na hakuna siku hata moja kinywa changu kimelitamka jina lake kama lilivyoandikwa.

Jumapili, baada ya ibada, tulikwenda Ruiru kwa binti yangu mkubwa. Yeye anakaa mtaa wa Membley, katika nyumba zile za kuzungukwa na ukuta, na ukifika ni lazima ujiandikishe kwa askari wa lango. Askari akaniuliza jina. Nikamtajia. Akaandika, nami nikainama kutazama.

“Umeandika ile inayotembea au ile iliyoketi?”

Akamtazama mjukuu wangu, naye akamweleza. Yule bwana alicheka mpaka akavua kofia.

“Mama, mimi ni Mkamba, nyumbani ni kule mashariki ya Thika. Kwetu hiyo inayotembea hatukupewa. Mimi nikiachiwa ulimi wangu, kila kitu kinaketi.”

“Na sisi hatukupewa hiyo iliyoketi,” nikamwambia.

“Basi tungeoana, nyumba ingekuwa na zote mbili.”

“Fungua lango,” nikamwambia, lakini niliingia nikitabasamu.

Tangu getini hadi kwa binti yangu nilikuwa nikimfikiria mtu aliyeandika kitambulisho changu cha kwanza. Sura yake nimeisahau. Labda alikuwa mtu kama yule askari, aliyeketi mezani siku nzima akisikiliza majina ya watu wa kabila lingine. Mimi nilitamka, naye akaandika kile ambacho sikio lake lilikuwa nacho. Sikuona la kumlaumu.

Binti yangu hakuwa na subira na mawazo hayo. Yeye ni mtu wa ofisi, na alikuwa amekubali kunidhamini katika maombi ya paspoti, kwa hiyo alihesabu kwamba jambo hilo lilikuwa lake pia.

“Mami, baba anakaribia kuzaliwa na wewe unagombana na herufi.”

“Sigombani nayo. Naiuliza maswali.”

“Iulize ukiwa kwenye ndege!”

“Na nikifika? Nitamwambia mtoto kwamba tuna jina moja, na kitabu changu kinasema tuna mawili?”

Hilo ndilo lililokuwa likinichoma. Mwanangu alimwandikisha binti yake kwa herufi inayotembea, kama ilivyo katika kadi ya kanisa. Ningewezaje kuvuka mipaka kwenda kujiona, nikiwa na jina ambalo si la huyo ninayekwenda kumwona?

Binti yangu alichukua simu akampigia ndugu yake, na kabla sijaweka kitambaa changu sawa kichwani, nikajiona kwenye kioo cha simu, nimekaa juu ya kochi la Botswana nikila chungwa. Baba yake humfundisha mtoto Kiswahili ili tuweze kuzungumza.

“Unaitwa nani?” nikamuuliza.

Akalitaja jina letu. Sikulitambua mara moja. Watu wa huko, mwanangu aliniambia baadaye, huitetemesha ile herufi kwenye ncha ya ulimi, na mtoto aliitetemesha kama pikipiki inayopanda kilima na abiria watatu.

“Na wewe unaitwa nani?” akauliza.

Nikamtajia.

“Hapana, shosho,” akasema kwa ukali, na binti yangu akanitazama, kwa sababu ukali huo anaujua. “Hilo ni langu. Lakini unalisema vibaya. Sema rrra.”

Nikajaribu.

“Hapana. Rrra!”

Nikajaribu tena. Binti yangu alikuwa amejificha uso kwenye mto. Ndipo nikapata wazo, nikamwambia mwanangu amwombe mtoto aseme la, kisha ra, kisha la tena, polepole. Mtoto akafanya hivyo kwa furaha, mdomo wazi, ulimi ukionekana na chungwa juu yake. Na nikasikia. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilizisikia mbili. Moja ililala juu ya ulimi ikatulia. Nyingine ilitikisika. Kisha nikajisemea jina langu kwa sauti ya chini, kama ninavyolisema siku zote, nikisikiliza ni ipi kati ya hizo.

Haikuwa yoyote. Sauti yangu iligusa mara moja tu na kupita. Haikulala, haikutetemeka. Ilikaa katikati, mahali ambapo hapana herufi. Mwandishi wa kanisa alikuwa ameikaribia kwa upande wake na mwandishi wa kitambulisho kwa upande wake, na hakuna aliyeiandika.

“Tena!” mtoto akaniamuru. “Shosho, utakuja lini nikufundishe?”

Nikamwambia mjukuu wangu kwamba kesho yake tungerudi Thika. Nilichukua cheti cha herufi iliyoketi. Yule karani mwenye miwani alinipa kalamu nitie alama, akaniuliza kwa utani kama sasa najua kupiga kura. Nikamwambia kwamba nimepiga kura kabla mama yake hajazaliwa, na zote zilihesabiwa.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Mjukuu wangu alijaza maombi kwenye kompyuta katika saiba, duka la intaneti, ya Juja, kisha tukaenda kwenye ofisi ya uhamiaji tulikoagizwa. Waliniambia nivue kitambaa cha kichwa ili masikio yaonekane. Nikawauliza masikio yangu yamefanya nini. Kijana wa picha akaniomba nisitabasamu, akanitazama vizuri, akasema, “Pole, shosho, endelea tu hivyo hivyo.”

Baada ya hapo afisa mmoja, kijana aliyenyoa vizuri, akanikalisha mbele yake. Mjukuu aliambiwa asubiri nje.

“Shosho, unaenda Botswana kufanya nini?”

“Kumpokea mume wangu.”

“Mume wako anaishi Botswana?”

“Bado hajafika.”

“Kwa sasa yuko wapi?”

“Tulimzika Kalimoni.”

Aliweka kalamu chini. Aliitazama skrini yake, kisha mlango, kisha mimi.

“Na huko Botswana kuna mtu mnayefahamiana?”

“Niko mimi,” nikamjibu. “Nasoma chekechea.”

Sikuwa nikifanya mzaha. Aliuliza maswali nami nikayajibu jinsi mtu yeyote wa kwetu angeyajibu. Lakini niliona ameanza kuzungumza nami polepole na kwa sauti kubwa, kama watu wanavyowasemesha wagonjwa, na akanyanyuka kwenda kumwita mkubwa wake. Hapo nilielewa kwamba ningeweza kukikosa kitabu kile kwa sababu nimesema kweli.

Mkubwa wake alikuwa mama wa makamo, mzito, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alinisalimia kwa lugha yetu, kisha akageukia Kiswahili ili kijana asikie.

“Mtoto anayezaliwa ni wa kijana wako?”

“Ni wake.”

“Ni mvulana wa kwanza?”

“Wa kwanza.”

“Na msichana ametangulia.”

“Ametangulia. Ana kichwa kigumu.”

“Si ajabu,” yule mama akasema. Akamwinamia kijana wake. “Andika: kutembelea familia.”

“Lakini, madam, amesema mume wake...”

“Amesema sawa. Andika.”

Paspoti ilitoka. Mjukuu alinisomea ukurasa wenye picha, nami nikaitafuta herufi yangu mwenyewe kwa kidole kabla hajanionyesha. Katika ndege wahudumu walinipokezana kama trei ya mayai. Kule tuliposhuka, afisa wa mpakani akakifungua kitabu na kulisoma jina langu kwa sauti, ile herufi ikiwa imelala kabisa juu ya ulimi wake. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo. Nikaitika.

Mwanangu alikuwa upande wa pili wa kizuizi, na mtoto amesimama mbele yake katika gauni la manjano. Nilijitazama. Nilijitazama vizuri, paji la uso, magoti, namna ya kusimama na mkono kiunoni. Naye alinitazama kwa makini ileile, kuanzia viatu hadi kitambaa, kisha akamvuta baba yake suruali.

“Baba,” akasema, “mbona nimezeeka hivi?”

Nilimshika mkono, tukaondoka.

Mume wangu alizaliwa wiki hiyohiyo, alfajiri, kabla ya mvua. Waliponiletea chumbani alikuwa amefungwa katika blanketi, amekunja uso kama alivyokuwa akiukunja alipoamshwa mapema kwenda kukamua. Mkamwana wangu alikuwa amelala kwa uchovu. Nilimchukua nikaketi naye karibu na dirisha, nikaanza kumweleza: kwamba uzio wa upande wa juu umerekebishwa, kwamba ng'ombe yule mweusi tulimuuza, na kwamba kuondoka bila kuniaga, mchana ule nikiwa kisimani, hakukuwa jambo la heshima, na sitaki lirudiwe.

Mwanangu alikuwa amesimama mlangoni. “Mami,” akauliza taratibu, “unamwambia nini?”

Nikamwambia hayo yalikuwa mazungumzo ya watu waliooana. Akatoka, akaufunga mlango.